Anayemdai Marehemu Ajitokeze

Siku ya kuniaga ofisini walinipa godoro la sita kwa sita na shuka mbili. Ujumbe niliuelewa: Maganga, kalale. Meneja alisoma hotuba ya kurasa mbili, akataja neno uadilifu mara nne, na mara zote nne vijana wa dawati la mikopo walipiga makofi huku macho yakiwa kwenye simu. Baadaye mmoja wao, binti mwenye adabu aitwaye Happy, akaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi. Nadhani aliomba kwa heshima tu, kama mtu anavyomkaribisha chakula mgeni ambaye anajua ameshashiba. Basi shauri yake. Godoro nimelilalia vya kutosha, sasa naandika.

Vyeo sitavitaja. Mshahara mnaujua wenyewe.

Nilipoanza, chama chetu cha akiba na mikopo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko hapa Morogoro mjini, dirisha moja linatazama mlima, la pili linatazama wachinja kuku. Nilikuwa kijana niliyetoka Tabora, Mnyamwezi wa baba na mama. Kabila langu mlikumbuke, maana litakuja kuniponza huko mbele. Nilikabidhiwa daftari, kalamu mbili, mhuri, mwavuli, na pedi ya wino wa zambarau kwa ajili ya alama za vidole. Mwavuli ulivunjika Mgeta wiki ya kwanza. Ile pedi nimestaafu nayo, ingawa kwenye orodha ya mali za ofisi imeandikwa kwamba ilipotea.

Kuhusu dole gumba niwaambie, kwa sababu nyinyi mnatumia mashine na mashine haifundishi kitu. Mteja usimwachie abonyeze mwenyewe. Atabonyeza kwa hasira na utapata doa kama la zabibu iliyopondwa. Mshike wewe dole lake, lilaze ubavu wa kushoto, liviringishe taratibu hadi ubavu wa kulia, kisha uliinue bila kulivuta. Mwenye kupalilia ndizi maisha yake yote alama zake zimefutika, huyo mwambie anawe kwanza na asubiri. Na uwe na kitambaa cha kumfutia. Mtu uliyemchafua kidole ukamwacha hivyohivyo hakusahau, na rejesho lake halitakuja.

Aliyenifundisha hayo ni Bi Tekla, Mngoni wa Songea, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia ikipanda. Ndiye aliyekuwa mkuu wa mikopo. Wateja walikuwa wakisikia kwamba Bi Tekla anakuja, wanaanza kulipa kabla hajashuka kwenye lori. Miezi mitatu ya mwanzo nilimfuata nyuma kama mkia, nikibeba mkoba wake na kukosea.

Kosa la kwanza lilitokea Mgeta, kwa mkulima mmoja wa kabichi. Nilipanda ile njia ya miguu peke yangu, nikiwa nimekariri cha kusema, nikakuta turubai limefungwa uani na wanawake wamekaa chini. Mdaiwa wangu alikuwa amezikwa asubuhi ile. Nilifanya ambacho mtoto wa watu aliyelelewa angefanya: nikatoa pole, nikakaa mkekani, nikaletewa ubwabwa na maharage, nikala, nikaaga, nikateremka. Kesho yake Bi Tekla aliniuliza swali moja tu, kama nilikula. Nikasema ndiyo, sahani mbili.

"Basi deni hilo limekwisha," akasema. "Umekula chakula cha msiba wa mdaiwa wako. Utarudi na mdomo gani?"

Akanipa kanuni mbili siku hiyo, akisema nizishike mpaka nistaafu. Ya kwanza, msibani usile. Ya pili, ukifika msibani usimtafute mwenye mali, mtafute mwenye haya. Mwenye mali atakwambia nenda mahakamani. Mwenye haya atakwambia nipe kalamu.

Hapa inabidi nieleze sheria, nanyi mtaniwia radhi. Deni la marehemu linalipwa na mali ya marehemu. Ukoo au familia wanamteua msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo inamthibitisha, wanaodai wanapeleka madai yao kwake, analipa kutoka kwenye kilichoachwa, na kinachobaki ndicho kinagawiwa. Dini nazo, zote mbili za hapa mjini, hazisemi tofauti. Mtoto hadaiwi mfukoni mwake kwa sababu baba yake alikopa. Hili nimelijua tangu mwaka wangu wa pili kazini. Na kwa muda wote niliokaa kazini sikuwahi kulitamka msibani, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa nalipwa kwa kutoa elimu ya sheria. Tulikuwa na hati yetu, Hati ya Kukiri Deni, yenye maneno "kwa hiari yangu na bila kushurutishwa na mtu yeyote". Ukiisaini hiyo, deni ni lako. Nimeziandika nyingi kwa mkono wangu. Nilikuwa stadi, na sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujuta sana, nasema tu ndivyo ilivyokuwa, mpaka alipofariki Mzee Banzi wa Kinole.

Mzee Banzi alikuwa mteja wa kuchelewa. Hakuwa mkorofi, alikuwa anachelewa tu, rejesho la mwezi wa tatu linaletwa wa tano, na kila akija anakuletea fenesi au kifungu cha mdalasini ili usiseme sana. Alikuwa na shamba zuri kule mlimani, mdalasini, karafuu na pilipili manga iliyopanda juu ya miti mpaka huoni shina. Alikopa ajenge banda la kukaushia viungo. Banda likajengwa, bei ya pilipili manga ikaanguka, na yeye mwenyewe akaanguka shambani asubuhi moja na hakuinuka tena. Alituachia deni la milioni mbili na laki saba. Siku hizi mna bima ya mkopo, mteja akifariki bima inalipa. Wakati ule chama kilikuwa bado kinaijadili hiyo bima, mkutano mkuu wa nne mfululizo. Wadhamini wake walikuwa wawili: mmoja alitangulia mbele ya haki kabla yake, wa pili alihamia Ifakara na kubadilisha laini ya simu.

Alizikwa siku ya Jumanne. Niliwasha pikipiki alfajiri, nikapita Mkuyuni, nikakata kona za Kinole nikiwa na viatu vilivyopigwa dawa na faili ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikuta uwanja umejaa, jeneza limeshafunikwa, wanaume mbele na wanawake upande wa jikoni. Aliyesimama kuzungumza kwa niaba ya ukoo alikuwa Mzee Kobelo, mdogo wake marehemu tumbo moja, mzee mwembamba wa kanzu iliyofubaa. Akasema yale yanayosemwa kila msiba: kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze, wamalizane kabla ndugu yao hajaingia kaburini, na kama kuna aliyekuwa akidaiwa na marehemu, naye wanamwomba. Wa kundi hilo la pili sijawahi kumwona akijitokeza.

Kawaida yangu ilikuwa kusubiri na kumfuata mtu pembeni. Sijui siku hiyo nini kilinipata. Labda ni uchovu wa zile kona. Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikasema namdai marehemu milioni mbili na laki saba.

Kisha bibi mmoja upande wa jikoni akasema jambo kwa Kiluguru, na katika maneno yote nikashika moja tu, Mnyamwezi. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kama hamjui, Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mtani msibani kazi yake ni kuudhi. Anazuia jeneza lisitoke, anadai ng'ombe ambao hawajawahi kuwepo, anamwita marehemu mvivu, na wafiwa wanacheka palepale wanapolia. Nimekaa nao miaka yote hiyo, natukanwa sokoni na wauza nyanya, na siku ya kazi nikasahau. Nilivyozidi kusema mimi ni afisa mikopo ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Nikatoa faili. Kijana mmoja akaliweka kwenye sinia la chakula. Yule bibi akaja akanipaka unga usoni, akanitia shilingi mia mbili kiganjani, akasema deni limekwisha, nenda kwenu Tabora. Hata Mzee Kobelo alikuwa anafuta machozi kwa kicheko. Jeneza likainuliwa, na mimi nikalisindikiza na unga wangu usoni, maana ningefanya nini.

Waliporudi kutoka makaburini nilikuwa nyuma ya banda la viungo nafuta viatu. Akaja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kanga kichwani, macho yamevimba. Nilimfahamu kwa sura. Ni Mwanahawa, binti mkubwa wa marehemu, ana kizimba cha viungo sokoni kwetu, cha tatu ukiingia kwa upande wa samaki wakavu. Akaniamkia shikamoo, nikaitika.

"Baba, ile milioni mbili na laki saba," akasema, "ulikuwa unasema kweli au utani?"

"Kweli," nikasema.

Nikamwonyesha faili, likiwa na doa la mchuzi. Akaitazama sahihi ya baba yake muda mrefu, akaipitishia kidole. Akasema kwa hiyo baba yake ameingia kaburini na deni na watu wanacheka. Akakaa chini, pale pale kwenye maganda ya mdalasini. Niliijua ile sura. Nilikuwa nimefundishwa kuitafuta.

"Niandike mimi," akasema.

Na pedi nilikuwa nayo mkobani. Mwanahawa anajua kusoma na kuandika, alisaini vizuri kabisa, lakini hati yetu ilitaka na dole. Nikalishika dole lake, nikaliviringisha kushoto kwenda kulia, nikamfutia kwa kitambaa. Kanga yake ilikuwa bado imelowa machozi. Niliteremka mlima nikiwa nimefanya kazi nzuri, na sikuwa nimekula.

Tulikubaliana elfu sitini kila Jumatatu. Jumatatu ya kwanza alikuja saa mbili kamili, akafungua pindo la kanga, akahesabu noti za elfu mbili mbili. Ya pili vilevile. Ya tatu nilipita sokoni nikakiona kizimba: magunia yaliyokuwa kumi yamebaki manne, iliki imekwisha, amepanga pilipili manga juu ya gazeti ili ionekane nyingi. Kilichokuwa kinaliwa ni mtaji wenyewe. Ya nne akaniambia, kwa utulivu kama anayetaja bei ya tangawizi, kwamba amepata mtu wa kununua kizimba. Arobaini ya baba ni Jumamosi ya wiki inayofuata, na Jumatatu yake wataandikishana, aje amalize deni lote kwa mkupuo. Alitamani limalizike kabla ya khitma lakini mnunuzi anasubiri pesa zake. Nikamuuliza baada ya hapo atauza wapi. Akasema Mungu yupo.

Jioni ile nilikwenda kwa Bi Tekla. Alikuwa amestaafu zamani, anaishi Kilakala, analima mchicha uani na kusikiliza vipindi vya kanisa redioni. Nikamsimulia yote, nadhani nikitaka anisifu. Nikamweleza nilivyomwona mwenye haya, nilivyompata siku ileile. Akaendelea kung'oa magugu. Halafu akauliza:

"Na shamba analo nani?"

Sikuwahi kuuliza, kwa sababu kanuni ya pili ilinikataza. Akasema alinipa ile kanuni kwa sababu wakati ule chama kilikuwa kinakufa, na kwamba ameshaitubia. Kisha akanipa mafungu mawili ya mchicha na kuniambia nifunge geti nikitoka.

Shamba analo nani, kumbe kila mtu Kinole anajua. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Watoto wa Banzi ni wa ukoo wa mama yao. Shamba la Banzi lilikuwa la ukoo wa Banzi, na akifa linakwenda kwa mtoto wa dada yake, ambaye ni Athumani, umri wake sawa na Mwanahawa, walicheza pamoja utotoni. Nilimkuta siku ya Jumatano amepanda juu ya mdalasini, anabandua magome. Aliteremka, akanikaribisha dafu, nikakataa. Nikamweleza. Naye akanijibu kwa upole mkubwa kwamba yeye ni Athumani, hajawahi kukopa popote, mjomba wake Mungu amrehemu, na kwamba deni la baba ni la watoto wa baba.

"Na shamba la baba?" nikauliza.

"Baba gani? Hili la mjomba," akasema, akapanda tena mtini.

Nilisimama pale chini nikishindwa kumchukia, maana alisema nilichokuwa nikikisema mimi kazini maisha yangu yote, kwa maneno machache zaidi. Ningeweza kwenda mahakamani. Lakini ukoo ulikuwa haujateua msimamizi, shauri lingekula miezi, na kizimba kilikuwa kinauzwa Jumatatu ya baada ya arobaini.

Jumatatu ya tano Mwanahawa alipofungua pindo nilimzuia mkono. Nikamwambia, mama, kisheria wewe hudaiwi, hukudaiwa tangu mwanzo, hata hela hii usiitoe. Ndiyo mara ya kwanza nilitamka maneno hayo mbele ya mtu.

"Ungeniambia siku ile kabla ya wino," akasema. "Sasa nimeshamwahidi baba."

Akazihesabu elfu sitini, akaziweka mezani, akanikaribisha arobaini. Sikulala vizuri wiki ile, na wakati huo godoro lilikuwa bado halijaletwa.

Jumamosi nilipanda Kinole na mkoba wangu. Khitma ikasomwa, watu wakala, mimi sikula. Kisha ikaja shughuli ambayo nilikuwa nimeisikia tu. Kwa hawa watu mtu mzima hafi akaisha. Jina lake linapewa mrithi, na aliyepewa jina ndiye yeye. Athumani akakalishwa juu ya mkeka mpya. Mzee Kobelo akamvika kanzu ya marehemu na kofia yake, akamshikisha bakora yake, akatangaza kwamba kuanzia leo Athumani hayupo, aliyekaa hapa ni Banzi. Mjane wa Banzi mtunze, watoto wa Banzi ni wanao, shamba la Banzi ulilime. Vigelegele vikapigwa. Watoto wa marehemu wakapangwa mstari waje wamwamkie baba yao, Mwanahawa mbele. Nikamwona anavyomtazama yule mwenzake wa utotoni ndani ya kanzu ya baba yake. Mzee Kobelo akauliza, kabla hawajamwamkia, kama kuna mwenye neno.

Nikasimama. Watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, Mnyamwezi huyo, na yule bibi akaanza kutafuta unga. Safari hii sikuwazuia. Nikavua viatu vyangu vilivyopigwa dawa, nikaingia mkekani, nikapiga magoti mbele ya Athumani.

"Shikamoo Mzee Banzi," nikasema. "Pole na safari. Hujafika ofisini wiki sita, tulidhani umefariki."

Kicheko kilisikika mpaka barabarani. Athumani mwenyewe akacheka, akaitika marahaba. Nikafungua mkoba, nikatoa faili lenye doa la mchuzi, nikamwonyesha sahihi. Nikasema mzee, zimebaki milioni mbili na laki nne, kuna mtu alikuwa anakushikia zamu wakati haupo, lakini sasa umerudi. Wakacheka tena, kidogo. Kisha wakaanza kumtazama Mzee Kobelo, kwa sababu yeye alikuwa ameacha kucheka.

Akachukua faili. Akalitazama, akamwita mjukuu amsomee, akasikiliza hadi mwisho. Akageuka kwa Athumani.

"Wewe ni nani?"

Uwanja wote ulielewa hesabu aliyokuwa anaipiga Athumani. Akisema Athumani, kanzu inavuliwa palepale na shamba linatafutiwa mtu mwingine. Akaangalia bakora iliyo mkononi mwake, akaangalia mlimani kwenye mdalasini.

"Banzi," akasema.

"Basi mjibu mwenzio," akasema Mzee Kobelo.

Niliandika kwa mkono, juu ya sinia lililogeuzwa, kwamba deni litalipwa kutokana na mavuno ya shamba aliloliacha marehemu, mbele ya mzee wa ukoo na mashahidi wawili. Nikalishika dole la Athumani. Lilikuwa gumu na lina harufu ya mdalasini, nikaliviringisha kushoto kwenda kulia, nikamfutia. Hati ya Mwanahawa nikaikata mstari kwa kalamu nyekundu mbele yake. Ndipo naye akasogea, akapiga magoti, akasema shikamoo baba, na Athumani akaitika marahaba mwanangu kwa sauti ya mtu aliyemeza uji wa moto. Kwa mara ya kwanza msibani tangu ule wa Mgeta, baada ya miaka yote ile, nikaletewa sahani ya ubwabwa na nikala. Kizimba hakikuuzwa.

Athumani amelipa deni lote. Alilipa kwa kuchelewa, rejesho la mwezi wa tatu linakuja wa tano pamoja na fenesi, kama Banzi mwenyewe, hata nikaanza kuamini ile shughuli ya mkeka.

Ikabaki laki tatu ya Mwanahawa, zile Jumatatu tano. Niliandika barua kuomba arudishiwe. Nikajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Likafanyiwa kazi mwaka na zaidi. Mwisho nikaletewa nakala ya hati yake, ile niliyoikata mstari, na chini ya maneno "kwa hiari yangu na bila kushurutishwa na mtu yeyote" mtu amepiga mstari wa pili, wa bluu, kunikumbusha nani aliyaandika. Fedha iliyotolewa kwa hiari hairudishwi. Mwandiko wa hati yote ulikuwa wangu, mzuri, wa kusomeka.

Kwa hiyo wiki ile nilipopata kiinua mgongo nilikwenda kizimbani na laki tatu ndani ya bahasha. Kizimba kimejaa tena, magunia hayahesabiki, na iliki ipo. Mwanahawa akauliza kama hela ni ya chama. Nikasema ni yangu. Akasema basi yeye hanidai. Nikamwambia ananidai. Tukabishana mpaka muuza samaki wakavu akaja kusikiliza. Mwishowe akaifunga bahasha, akanirudishia.

"Kama unadaiwa kweli, utalipa kama nilivyolipa mimi," akasema. "Elfu kumi, kila Jumatatu, saa mbili."

Akachana karatasi kwenye daftari lake, akaandika. Akamimina maji kidogo kwenye unga wa manjano, akalishika dole langu gumba, akaliviringisha kushoto kwenda kulia. Alijifunza kwa kutazama mara moja tu. Hakunifutia.

Nimeshalipa Jumatatu kumi na tisa, zimebaki kumi na moja. Kila rejesho napiga dole, na manjano, kwa wasiojua, haitoki kwa sabuni. Nikichelewa dakika tano ananiuliza kama nilidhani yeye amefariki. Wauza nyanya wanapita kunitazama, Mnyamwezi anayelipa deni, wanasema hawajawahi kuona.

Jumapili iliyopita alikuja kunitembelea binti yangu mkubwa, Siwema, mwalimu. Tulipomaliza kula nikaona nimweleze mambo ya urithi, maana umri huu mtu hujipanga. Nyumba ile, kiwanja kile, godoro la sita kwa sita. Nikamwambia pia kwamba nikiondoka kabla ya Jumatatu hizo kumi na moja kwisha, sheria haimbani yeye wala wadogo zake hata senti moja, hilo nimelisomea. Lakini siku hiyo atakaposimama mtu uwanjani kuuliza nani anamdai marehemu, upande wa jikoni atakuwepo mama mmoja wa viungo ambaye hatasimama wala hatasema neno. Siwema ndiye aende amfuate.

Siwema alikuwa anakusanya vyombo. Akasimama.

"Baba, unasema kweli au utani?"

Nikamwonyesha dole gumba.